Mjomba, Mimi Si Yatima

Ratiba ya sherehe ilikuwa karatasi moja, imechapwa stesheneri ya mtaani na kutolewa nakala ishirini. Namba 9 ilisomeka: "Mhitimu kuwalisha keki wazazi." Mshereheshaji alikuwa kijana wa kukodi, fundi wa maneno, lakini hatufahamu. Nahisi ratiba ile anayo kwenye simu mwaka mzima, kazi yake ni kubadilisha jina la mhitimu tu. Dada yangu alishamwambia mapema kwamba baba hayupo. Sijui alisahau, au alisikia "hayupo" akaelewa "amechelewa".

"Mama tumemwona, tumempigia vigelegele! Sasa baba mzazi! Baba mzazi asogee mbele tafadhali. Dijei, nipe kitu cha baba!"

Mpwa wangu alikuwa ameshamlisha mama yake. Mkononi ana kijiti cha pili, kipande cha keki kiko kwenye ncha, na chini yake amekinga kiganja cha kushoto ili makombo yasidondokee joho. Muziki ukapigwa. Watu wakageuza shingo kutazama geti, utadhani kweli kuna mtu anaingia. Akasimama vile labda sekunde kumi. Kisha akakirudisha kijiti, akakichomeka palepale kilipotoka, akajifuta vidole kwa leso.

Namba 10 ilikuwa yangu: "Sala na baraka, Mjomba." Nikanyanyuka kabla sijaitwa, nikachukua kipaza sauti mkononi mwa yule kijana, nikaomba kama mtu anayezima moto. Nilianza na Zaburi ya 68, mstari wa 5, ambayo naijua tangu utoto: Ee Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane. Nikapanda nayo. Nikasema asiye na baba duniani anaye mbinguni. Nikamwombea kazi, mume mwema, maisha marefu. Amina zikaitika hadi nyumba ya tatu. Mwinjilisti akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, umeomba." Nikakaa nimeridhika.

Saa tano usiku turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimepangwa ukutani, na mimi na mpwa wangu tuko uani kwa dada, Nkuhungu, hapa Dodoma, tunasugua masufuria ya pilau. Maji tunachota kwenye pipa kwa kopo, kwa sababu mgao ulikuwa umekata siku ya pili. Ameshavua joho, amejifunga kanga ya mama yake.

"Mjomba, asante kwa maombi," akasema. "Ila mimi si yatima. Baba yangu yuko Manyoni. Ana duka la vifaa vya ujenzi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekurekebisha ulipolikosea jina lake.

"Na mama si mjane," akaongeza, akamwaga maji.

Kutoka Dodoma hadi Manyoni basi halimalizi saa tatu. Nilisugua lile sufuria mpaka likang'aa nje na ndani, kwa sababu sikuwa na jibu.

*

Huyo bwana aliondoka mwaka 2004, mtoto akiwa na miaka mitatu. Hapakuwa na ugomvi wa kukusanya majirani. Alisema anakwenda kuangalia biashara, akatuma salamu mara mbili, kisha salamu zikaja kwa watu wengine kwamba ameanza maisha upya. Walikuwa hawajafunga ndoa. Barua ya posa ilikuja, mahari ikaletwa nusu, nusu nyingine tunaisubiri mpaka leo.

Watu waliomwambia dada "si umpeleke mahakamani" hawakujua sheria ya wakati ule. Kabla ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, sheria ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyorithiwa toka enzi za mkoloni, ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja, bei ya maandazi. Nauli ya kumfuata mtu Manyoni ingemaliza matunzo ya miaka. Sheria mpya ilipokuja, dada alikwenda ustawi wa jamii, bwana akaitwa, akakubali kila kitu kwa upole mwingi, akaleta fedha miezi miwili. Mwezi wa tatu simu haikupokelewa. Dada akarudi sokoni.

Anauza mlenda mkavu na karanga Soko la Majengo. Mlenda anaununua vijijini kwa gunia, anaupepeta, anaupima kwa kikombe. Kwa mlenda huo mtoto amesoma. Nakumbuka Januari 2016, serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne, binti akiwa anaingia kidato cha pili: dada alizima redio, akakaa kwenye kigoda jikoni, akasema tu, "Haya." Alipofika kidato cha tano ada ikarudi palepale, maana hatua hiyo ilikuja kufutiwa ada mwaka 2022 na yeye ameshamaliza. Mwaka ule wa kidato cha tano ndipo nilipoufahamu mgongo wa dada yangu. Ulikuwa umepinda upande mmoja, upande wa gunia.

Basi watu humsifu: "Wewe ni mama na ni baba." Husemwa kwa nia njema, na hata kwenye sherehe ile lilisemwa na watu wasiopungua wanne. Dada halipendi. Aliwahi kuniambia, "Kaka, mimi si baba. Mimi ni mama mmoja niliyechoka." Tangu hapo nimeacha kulisema, na nikilisikia likitoka kwa mwanaume huwa namtazama mara mbili.

Kuna jambo la majina pia. Kwetu mtu ana majina matatu: lake, la baba, la babu. Kitabu cha wahitimu kiligawiwa Chimwaga, pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), siku ya mahafali, na binti alilitafuta jina lake kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, akalipata. Neno moja lake, maneno mawili ya mtu ambaye hakuwahi kununua daftari. Jina la mama yake halimo popote, si kwenye kitabu, si kwenye cheti. Alipokuwa kidato cha nne aliniuliza kama inawezekana kubadili. Nikamwambia inawezekana, kuna kiapo, kuna hati ya kusajili, ila vyeti vyote vitakuwa na jina tofauti na utaeleza maisha yako yote dirishani. Akaacha. Nilidhani nimempa ushauri wa busara, na huenda ni kweli. Lakini nilipomwona anapitisha kidole kwenye ule ukurasa nilijiuliza nani amefaidika na busara yangu.

Halafu mkopo wa chuo, mwaka 2021. Aliyefiwa na mzazi anaambatisha cheti cha kifo, jambo lenye mantiki kabisa. Mpwa wangu alikwenda kuuliza katika ofisi moja, nami nimesimama nyuma yake.

"Baba amefariki?"

"Hapana."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi aje na kitambulisho."

Akageuka akanitazama. Mdhamini nikasaini mimi, na picha yangu ya pasipoti, ile ambayo natazama kama mtu aliyeshtakiwa, ndiyo iliyobandikwa. Tukavuka. Ila nilipaswa kulikumbuka lile dirisha kabla sijashika kipaza sauti. Kwenye fomu hakuwa yatima. Kwenye sala yangu, miaka mitatu baadaye, nikamfanya awe.

*

Kosa langu lina mizizi: mimi nilikuwa na baba. Dada pia, ni huyohuyo. Alikuwa katekista katika kijiji upande wa Mvumi, huko ambako wamisionari wa Kianglikana walijenga shule na hospitali, na baiskeli yake ilijulikana vijiji vitatu. Mwaka wa ukame aliweza kuondoka alfajiri, akapotea siku nne, akarudi na nusu gunia la uwele limefungwa kwa mpira wa tyubu. Akifika haongei. Anaiegemeza baiskeli kwenye mbuyu, anapaka mnyororo mafuta, ndipo anaomba maji. Kwa hiyo mimi nikisema "Baba" kwenye sala, neno lina harufu ya mafuta ya mnyororo. Linaondoka na linarudi na chakula.

Kwa mpwa wangu neno hilohilo lina nini? Lina kisanduku kwenye fomu.

Ugogo inawajua wanaume wanaoondoka, hilo si geni. Njaa zetu zina majina kama watu. Ile iitwayo Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi ya vita, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, kuchukua nafaka na ng'ombe, na mvua nayo ikagoma. Bibi yetu alisimuliwa na mama yake jinsi wanaume walivyotawanyika kutafuta chakula, wengine wasionekane tena. Waliobaki waliwalilia kama wafu bila kuwa na kaburi. Lakini njaa ina udhuru. Duka la vifaa vya ujenzi halina.

Nilimpigia rafiki yangu aliyesoma theolojia Msalato, nikamweleza lile la masufuria. Alicheka kwanza, kisha akanipa kitu cha kutafuna. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "yatima" kwenye Zaburi ile ni *yatom*, ndugu wa damu wa *yatim* la Kiarabu ambalo ndilo lililotupa sisi "yatima". Na kote huko uzito uko kwa baba: yatima ni mtoto asiye na baba, hata kama mama yake yupo anapepeta mlenda. Katika miji ile ya kale mambo ya mtu yaliamuliwa langoni, penye wazee, na aliyesimama langoni kukusemea alikuwa baba. Asiye naye huonewa. Ndiyo maana torati inamtaja yatima sambamba na mjane na mgeni, inaamuru waachiwe masalia ya mavuno, inasema Mungu mwenyewe huwafanyia hukumu ya haki. Kiswahili cha leo kimelipeleka neno makaburini. Hatumwiti mtu yatima mpaka tumzike mtu.

Akaniongezea Maombolezo 5:3, ambapo watu wanalia kwamba wamekuwa yatima, na mama zao wamekuwa *kama* wajane. Nililizungushia kalamu lile "kama". Dada yangu kwa miaka ishirini ameishi ndani ya neno hilo.

Nikaenda Nkuhungu jioni ileile na elimu yangu mpya. Nikamwambia, binti, kumbe umo! Kwa Kiebrania sikukosea. Alinisikiliza mpaka mwisho, heshima anayo, akaniandalia na chai. Kisha akasema:

"Kwa Waebrania sawa, mjomba. Lakini pale watu walisikia kwa Kiswahili."

Nimefundisha sekondari miaka kumi na nne, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunijibu vizuri namna hiyo.

*

Kitu kilichomwingia hakikutoka kwenye Zaburi yoyote. Kilitoka kwa Hajiri, mjakazi aliyemzalia Ibrahimu mtoto, Ishmaeli.

Tulikisoma kile kisa pamoja, Mwanzo 21, yeye anasoma, mimi nasikiliza, mama yake anachambua karanga pembeni. Ibrahimu tumezoea kumwita baba wa imani, na ni kweli, lakini asubuhi ile anachofanya ni hiki: anaamka mapema, anachukua mkate na kiriba cha maji, anamtwika mwanamke begani, anamtoa pamoja na mtoto. Mtu mwenye ng'ombe, kondoo, ngamia na watumwa. Mkate na kiriba.

"Huyu naye alikuwa na duka," dada akasema bila kuinua macho.

Maji yanaisha, mama anamweka kijana chini ya kijiti, anakwenda kukaa mbali ili asimwone akifa, analia. Na hapo pana jambo ambalo sikuwahi kulitazama kwa miaka yote ya kwenda kanisani. Anayelia kwa sauti, kwa jinsi habari ilivyoandikwa, ni Hajiri. Lakini mstari unaofuata unasema, "Mungu akasikia sauti ya kijana." Kijana hatujaambiwa amesema nini. Huenda alikuwa anajinyamazia, kama watoto wanaojua kwamba mama ameshalemewa. Sauti ambayo mwandishi hakuiandika, Mungu aliisikia.

Binti aliusoma mstari ule mara mbili. Baada ya hapo akauliza swali la ajabu: "Ishmaeli alirudi kumzika baba yake?"

Tukafungua sura ya 25. Alirudi. Isaka na Ishmaeli, wanawe, wakamzika katika pango la Makpela. Imeandikwa hivyo tu. Alivyojisikia njiani, kama alilia, kama alisimama nyuma ya watu, hakuna.

"Basi hata Biblia haikumlazimisha aseme," akasema.

Naandika haya kwa sababu ya lile neno "msamehe". Siku ile ya sherehe, kabla mchuzi haujapoa, wazee wawili na shangazi mmoja (aliyekuja toka Dar kwa treni ya umeme na hakuacha kuisifu siku nzima) walishamvuta pembeni: mtafute baba yako, baba ni baba tu, usipomheshimu utapata laana, hata hiyo kazi hutaipata. Amri ya kuwaheshimu baba na mama naiamini. Lakini mbona amri hii huwa tunampelekea mtoto mbio, na ile ya Paulo kwa Timotheo, kwamba mtu asiyewatunza walio wake ameikana imani tena ni mbaya kuliko asiyeamini, hatumpelekei mtu Manyoni? Nauli ni ileile. Mimi mwenyewe sijawahi kwenda. Miaka ishirini namwita yule bwana majina nikiwa Dodoma.

Kumtishia binti wa miaka ishirini na tatu kwa laana ili apige simu ambayo mwenye kuipiga alipaswa kuwa mwingine, mimi siiti hiyo injili. Msamaha utakuja kwa mlango wake. Haufungwi kamba shingoni ukavutwa kama mbuzi wa mnadani.

Na huyo Timotheo aliyeandikiwa, mtazameni. Matendo 16 inasema mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini, na baba yake alikuwa Myunani. Basi. Baba anapata neno moja, kabila lake. Paulo anapotafuta imani ya kijana imetoka wapi, anawataja wanawake wawili kwa majina: bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kisha yeye mwenyewe, mtu asiyekuwa na mke, anamwita "mwanangu mpendwa". Nilipomwonyesha dada majina yale alinyamaza. Baadaye nikamsikia anayarudia, polepole, kama mtu anayehesabu vikombe: Loisi, Eunike.

*

Niliahidi kumwandikia mpwa wangu sala nyingine, badala ya ile ya kipaza sauti. Ilinichukua wiki mbili. Kila nilipoanza na "Ee Baba" kalamu iligoma, maana aliniambia jambo moja: kanisani "Baba Yetu" anaisema vizuri kwa sababu yuko katikati ya watu. Akiwa peke yake chumbani neno la kwanza linamkwama, anabaki na lile la pili. Nami sikutaka kumpa ngazi ambayo pingili yake ya kwanza haipo. Hatimaye niliiandika kwenye karatasi ya daftari la shule, na katikati nikaacha mistari mitatu mitupu.

*Mungu uonaye,*

*nimefika. Shahada iko mkononi, na kila shilingi iliyonifikisha hapa unajua ilitoka mfuko gani.*

*Asante kwa mama. Mpumzishe mgongo. Usimwache azeekee sokoni.*

*Yuko mtu ambaye leo angekuwepo. Nakutajia Wewe jina lake, kwa kuwa kwa wengine sipendi kulitaja. Nina maneno juu yake, nayo ni haya:*

*. . . . . . . . . . . .*

*. . . . . . . . . . . .*

*. . . . . . . . . . . .*

*Sijui kama nimemsamehe. Asubuhi naona tayari, jioni naona bado. Nipokee asubuhi na jioni.*

*Nisikitafute kibali chake kwa kila mzee atakayenisifu, wala kwa kila mwanaume atakayesema atanitunza. Nisifanye kazi ili kumkomoa. Kazi ya mikono yangu iwe yangu na Yako.*

*Milango ninayobisha ina watu wanaosemewa na baba zao. Nisemee langoni. Na jibu likichelewa, nisidhani nimeachwa tena.*

*Siku nitakapoweza kukuita Baba nikiwa peke yangu, nitakuita. Mpaka siku hiyo nitakuita pamoja na wenzangu: Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe.*

Ile mistari mitatu aliijaza. Najua kwa sababu aliniomba kalamu nyeusi, akasema ya bluu inafutika. Alichoandika sijakiona na sijauliza. Karatasi iko ndani ya bahasha ya vyeti, kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha sita.

Sehemu ya langoni ndiyo iliyojibiwa kidogo kidogo, kwa namna ambayo mtu mwenye haraka asingeiita jibu. Ukiwa mhitimu Dodoma unaishi karibu na malango yote. Wizara ziko hapa, Sekretarieti ya Ajira iko hapahapa kwenye majengo ya UDOM, na siku za usaili unawaona vijana waliosafiri usiku kucha kutoka Mbeya na Mwanza wamekaa chini ya miti na bahasha za kaki, wanapiga mswaki kwa maji ya chupa. Mpwa wangu ana shahada ya takwimu na anajua hesabu ya waombaji kwa nafasi. Anakwenda usaili kwa miguu na daladala moja, hilo nalo ni neema. Ameshaitwa mara tatu. Mara ya pili aliniambia aliyekaa jirani yake alikuwa anaongea na baba yake kwenye simu hadi mlangoni, baba anamwambia nani yuko ndani na anapenda majibu ya namna gani. "Sikumwonea wivu wa siri zile," akasema. "Nilimwonea wivu wa kupigiwa." Nilichukua simu yangu nikaweka kengele. Usaili uliofuata nilimpigia saa moja na nusu asubuhi, sina siri yoyote ya ndani, nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Tukakaa hewani kimya mpaka akaitwa.

Kazi haijapatikana. Katika kusubiri amechukua daftari la mauzo la mama yake akalichora mistari, tarehe upande huu, mtaji upande ule, na baada ya mwezi akagundua kwamba karanga za kukaanga zilikuwa zinakula faida ya mlenda miaka yote hii, kwa sababu mama hakuwahi kuhesabu mkaa. Dada alibisha siku mbili. Siku ya tatu akapandisha bei ya kikombe cha karanga. Wanawake wenzake wawili sokoni wameleta madaftari yao nao, mmoja analipa kwa mchicha.

Kipande cha keki? Watoto wa jirani walikila usiku uleule. Nilikwenda kukitazama asubuhi, nimebaki na kijiti.

*

Wiki ya pili ya Januari, mvua ikiwa imeshaanza na uwanja wote wa Nkuhungu ni tope jekundu, nilipita pale kumpelekea dada dawa. Binti alikuwa anafua. Akajifuta mikono, akanipa simu bila kusema kitu. Ujumbe umetoka namba isiyohifadhiwa jina.

"Hongera sana mwanangu nimeona picha zako. Nimefurahi sana. Mungu akubariki. Baba."

Nikausoma. Nikausoma tena. Ulimi wangu ulikuwa na mambo mengi, ya Paulo na ya kwangu mwenyewe, na yote niliyaona yakipanga foleni.

"Umefika saa ngapi?" nikauliza.

"Juzi."

"Juzi?"

"Nilikuwa nausoma."

Dada alikuwa dirishani, nadhani alishajua, kwa sababu alikuwa anapepeta ungo usio na kitu. Binti akaichukua simu, akasimama na povu bado kwenye viwiko, akaandika kwa kidole gumba kimoja. Aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Mwisho akaandika neno moja, akatuma, akaiweka simu juu ya tofali mbali na maji, akarudi kwenye beseni.

Niliinama nikatazama kabla kioo hakijazima.

"Amina."